Nilipima vitamini B12 mara mbili, majibu yakapishana

Nauza vitenge Kikuubo, Kampala, kazi ya kusimama kutwa. Mwaka jana nyayo zikaanza kufa ganzi. Siku moja kandambili ilinivuka kwenye ngazi, nikaendelea kutembea hadi dukani, mpaka mteja akaniuliza, "Nyabo, kiatu kingine kiko wapi?" Niliogopa sana.

Nina sukari, na dawa yake, metfomini, naimeza mwaka wa saba huu. Wote nyumbani wakasema ni sukari hiyo. Daktari wangu ndiye aliyenieleza kwamba metfomini ikitumiwa miaka mingi huweza kupunguza B12 mwilini, na upungufu huo nao huleta ganzi. Akaniandikia kipimo.

Maabara ya kwanza, ambayo sitaitaja, walinitoa damu upesi, hakuna aliyeniuliza ninatumia dawa gani. Jibu likaja: 430, kiko sawa. Nikarudi na ganzi yangu.

Daktari hakuridhika. "Mama, kuna kitu kingine unachomeza?" Nikamtajia vidonge vya biotini vya kukuza nywele, mikrogramu 10,000 kila asubuhi. Kumbe baadhi ya mashine za maabara hutegemea biotini katika upimaji wenyewe. Ikijaa kwenye damu, B12 inaweza kusomeka juu kuliko ilivyo. Nikaviacha siku tatu, nikaenda kwingine, upande wa Wandegeya.

Huko kijana wa maabara alianza na maswali: dawa, virutubisho, mara ya mwisho kuchomwa sindano ya vitamini. Akafunga mpira mkononi, akajaza kichupa cha kifuniko cha manjano, na kabla sijainuka akaandika jina langu juu yake na kunionyesha nilisome. Kitu kidogo, lakini kilinipa imani. Mapokezi walitaka nichukue kifurushi cha vipimo vya vitamini zote. Nilikataa, kwa sababu daktari aliandika kimoja tu. Jibu waliahidi jioni, likatoka kesho yake asubuhi. Hapo walinikera.

Lakini karatasi yao ilisomeka: pikogramu 164 kwa mililita, na pembeni kiwango chao cha kawaida, kuanzia 200 hadi 900. Ile ya kwanza ilikuwa na namba tupu, haisemi ni pikogramu au nini, wala haina kiwango cha kawaida.

Nililipa shilingi 120,000 kila mahali. Za kwanza bado zinaniuma, maana zilinichelewesha wiki tano, na mishipa ya fahamu ikikaa muda mrefu bila B12 huenda isipone yote. Ndugu mwenye sukari, wataje vidonge vyote unavyomeza, hata vya urembo, hata wasipokuuliza.

Sasa nachomwa sindano za B12, mwezi wa tatu huu. Mguu wa kushoto umeanza kusikia baridi ya saruji asubuhi. Vidole vya kulia bado.