Biblia ya zipu niliyonunua Majengo, nina nayo miezi minane sasa

Wapendwa ngoja niwaambie kuhusu hii Biblia ya Union Version, ile ya maandishi makubwa yenye zipu, niliichukua kwa mama mmoja karibu na soko la Majengo hapa Dodoma, 35,000 baada ya kuongea nae vizuri. Nina kesi ya kiwanja, mwaka wa tatu huu, tarehe zinasogezwa tu, leo karani hayupo kesho faili halionekani, ndo nikawa naisoma kwenye benchi huko nje nikisubiri kuitwa.

Maandishi yanasomeka bila miwani hata jioni. Karatasi ni nyepesi mno, upepo wetu wa Dodoma ukipiga unashika kwa mikono miwili, na vumbi likiingia zipu inagoma, mi naipaka mshumaa inateleza. Mwanzo 37 mpaka 41 pameshachakaa, Yusufu anauzwa ana miaka 17, anasimama mbele ya Farao ana 30, na hapo katikati mnyweshaji wa Farao, aliyeombwa amkumbuke, kamsahau gerezani miaka miwili mizima. Jamani miaka miwili! Siku nasoma hapo nililia kabisa, mana nilishaanza kutafuta mtu wa kumpa hela faili lisogee. Sikumpa.

Kesi haijaisha, mwezi ujao nina tarehe tena na nitaenda. Habakuki 2:3, ile ya "ijapokawia, ingojee", nimepigia mstari kwa peni ya bluu, wino ukatokea upande wa pili, kwa hiyo nyie tumieni penseli. Mama anazo nyeusi na maruni.