Eti machungwa ya Muheza!

Msiende. Nalisema mapema kwa asiye na muda wa kusoma hasira za watu. Soko la wakulima la Jumamosi asubuhi, kule kwa wenye nazo hapa Dar, lenye mahema meupe na wauzaji waliovaa kofia za ukili kama wanaokwenda kupigwa picha. Jina silitaji, waliofika wanalijua.

Nilikwenda wiki kadhaa nyuma, masika yakianza kunyesha, kwa kuwa walitangaza vyakula vya msimu kutoka shambani moja kwa moja. Mimi mtu wa Tanga. Machungwa nimekulia chini ya miti yake. Nikaona meza imejaa machungwa ya manjano matupu, yanang'aa, yana kimo kimoja, hakuna hata moja lenye kovu.

"Kaka, haya ya wapi?"

"Ya kwetu hayahaya, dada. Muheza. Yamevunwa juzi."

Muheza! Masika hii! Machungwa ya Muheza hushika kasi katikati ya mwaka, Juni na Julai, ndipo utayakuta kando ya barabara kwa magunia. Na hata yakiiva kwelikweli hubaki na ukijani, maana ganda la chungwa hutaka usiku wa baridi ndipo ligeuke rangi, na kule tambarare baridi hiyo itoke wapi? Ndani sukari, nje kijani. Mtoto yeyote wa kule anajua. Nikageuza moja. Stika! Ndogo, ya duara, imeandikwa Misri kwa herufi zisizohitaji miwani.

Nikamwonyesha. Hakuona hata haya. Alilichukua chungwa mkononi mwangu, akabandua stika kwa ukucha wa dole gumba, akaibandika chini ya meza, akalirudisha chungwa kwenye rundo. Kisha akasema, tena kwa sauti: "Sasa dada, umekuja kununua au kukagua? Bei ikikushinda, Buguruni ipo."

Watu wakacheka.

Buguruni! Buguruni ninayoijua mimi, muuzaji akikudanganya anakudanganya kwa adabu, na akimaliza anakuwekea nyongeza. Pale kwao ni mizani tu, hakuna fungu, hakuna nyongeza, hata pilipili moja ya kumfurahisha mteja. Kwa bei ya kilo yao ya machungwa ningetoka sokoni kwetu na sado ya nyanya na nauli ikabaki.

Nikaenda kwenye meza ya waandaaji. Binti akatabasamu, "Asante kwa maoni, anti, tutafuatilia," akanipa kipeperushi chenye picha ya mkulima anacheka. Nami nilikuwa nataka mtu ainuke pale alipokaa, atembee hatua chache, achungulie chini ya meza. Hakuinuka mtu.

Sina ugomvi na matunda ya Misri. Andika Misri, uza, nikiwa na hela nitanunua. Kinachoniuma ni kwamba mkulima wa Muheza mwenyewe, machungwa yakiiva yote kwa pamoja, anayatoa kwa bei ya kutupa na mengine yanamwozea mikononi, halafu jina lake linafanya biashara mjini yeye hayupo.

Haya, niseme na upande wa pili, nisije nikawa mwongo mwenzake. Kule mwisho kabisa, karibu na choo (ndiko walikompanga!), palikuwa na mama mmoja kutoka Kisarawe. Hakuwa na kofia. Ametandika mkeka, juu yake matembele, mnavu, majani ya kunde, na mchunga. Mchunga, jamani, hapa mjini!

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Huu nimechuma alfajiri, mvua imeunyanyua. Usiuogope uchungu wake. Chemsha, mwaga maji, kamua, ndiyo utie nazi."

Akanifungia. Bila kuombwa akaongeza pilipili mbuzi na ndimu. Nilitaka kumkumbatia.

Nilivyofika nyumbani nilifanya alivyosema. Kitunguu, tui jepesi, mchunga ukaivia humo mpaka ukakaribia kukauka, ndipo tui zito na chumvi, na mwiko haukutoka mkononi lisije likakatika. Pilipili nzima ikaelea juu bila kupasuka. Ugali, changu wa kukaanga. Ule uchungu unabaki kwa mbali nyuma ya ulimi, nazi inaukaribisha badala ya kuufukuza. Mume wangu, ambaye majani kwake ni chakula cha sungura, alikomba sufuria kwa tonge na kuuliza kama kuna mengine.

Sasa nifanyeje? Nyota moja. Haya, mbili, na ya pili ni ya mama peke yake, waandaaji wasiiguse. Nikikumbuka "Buguruni ipo" natamani kuirudisha hata hiyo ya kwanza, halafu nakumbuka lile tui na mkono unakuwa mzito.

Mkienda, fikeni kabla ya saa tatu maana mchunga huisha, na piteni moja kwa moja hadi mwisho, upande wa choo. Machungwa nasubiri Juni. Kuna kijana wa mkokoteni anayepita mtaani kwetu, anayamenya palepale, anakata kichwa, ananyunyiza chumvi na pilipili. Yana mbegu kibao na ganda kijani. Huyo simwulizi yametoka wapi.