TAHADHARI: huyu muuza "seti kamili" za sola na mota za mashua, msimtumie hela

Wadau wenye mashua ndogo za tanga, kuna jamaa anazunguka kwenye magrupu anauza seti ya kuendesha mashua kwa sola, paneli mbili, betri ya lithiamu, kontrola na mota ya umeme ya kufunga shetri, anasema ukifunga hiyo petroli utaisahau. Jina lake siliweki maana hata sio lake, akishtukiwa tu anafungua akaunti nyingine anarudi na picha zilezile. Mimi kazi yangu ni umeme wa maboti, na seti zake zimeshaletwa kwangu na watu tofauti wasiojuana, kilio kimoja: mashua haiendi, betri inakata, jamaa hapokei simu.

Paneli ndo zinamuumbua kwanza. Lebo ya nyuma imeandikwa wati 400. Nikachukua futi nikapima, urefu sentimita 120, upana 54. Sasa jua kali la saa sita mchana linashusha kama wati 1000 kwa mita moja ya mraba, na paneli nzuri za siku hizi zinageuza kama asilimia 20 hadi 22 ya hiyo kuwa umeme, kwa hiyo kipande cha saizi ile hata kiwe bora vipi kinaishia wati 140 hivi. Paneli ya 400 ya ukweli inakaribia mita mbili za mraba na ina kilo kama 20, ukiibeba mwenyewe unasikia. Ile lebo kona moja ilikuwa imeinuka, nikaivuta kwa kucha, chini yake ipo lebo nyingine ya kiwandani: 130W. Hata kuibandua hakujisumbua!

Betri ndo ilinipandisha hasira. Imeandikwa lithiamu 12V 200Ah, nikaweka kwenye mizani, kilo 7. Jamani, LiFePO4, ile lithiamu ya sola na maboti, ya 200Ah inacheza kilo 20 na kitu, hakuna njia ya mkato hapo. Mfuniko umegandishwa kwa silikoni, hakuna skrubu hata moja, nikaukata, ndani nakuta seli ndogondogo za mviringo zimebanwa kona moja na nafasi yote iliyobaki ni sponji. BMS, yaani saketi ya kuilinda betri, hakuna. Yaani hakuna chochote cha kuizuia isichaji kupita kiasi wala cha kukata moto ikipiga shoti, na hiyo ndo unaambiwa ukae nayo chini ya ubao unaoukalia huku nchi kavu huioni.

Mota tangazo linasema HP 10. HP moja ni wati 746, kwa hiyo HP 10 kwenye volti 12 ni zaidi ya ampea 600, waya wa kubeba moto huo huukunji kwa mkono. Aliotuma yeye ni ule wa kufungia redio ya gari, na fyuzi hamna kabisa. Nilipima kwa klampu mota ikiwa majini imekazwa mpaka mwisho, ampea 45, hizo ni kama wati 540, hata HP moja haijafika. Ndo maana kwenye video zake zote mota inazunguka hewani juu ya stuli, hewani hata feni inavuma.

Kontrola, kile kidude kinachosimamia chaji kutoka paneli kwenda betri, nayo imeandikwa MPPT, ile aina bora. Kuijua ni rahisi, subiri jua limewaka na betri haijajaa, pima volti za upande wa paneli halafu pima za betri, zikiwa karibu sawa ujue ni PWM, ile aina ya kawaida, imevalishwa jina. MPPT inaiacha paneli kwenye volti zake za juu, na ampea zinazoingia betri zinakuwa nyingi kuliko zinazotoka paneli.

Ukimbana majibu anayo. Jua la kwenu dogo, umefunga kinyume, umefungua betri garantii imekufa. Mmoja alimtumia picha ya ile lebo ya chini akajibiwa "hiyo ya kiwandani, sisi tuliiapgredi" 😂 Na akiulizwa mwendo anakutajia PlanetSolar, boti ya sola iliyozunguka dunia kwa jua tangu 2010 mpaka 2012. Ilizunguka kweli, ila ilikuwa na paneli zaidi ya mita za mraba 500 na betri za tani kadhaa, sio vipande viwili na sponji.

Na asije mtu akasema napinga sola, nafunga sola kila siku. Kwenye mashua ya tanga injini ni tanga, mota ni ya kuingilia na kutokea bandarini na upepo ukikata, basi. Ukitaka mwendo mara mbili unahitaji nguvu kama mara nane, kwa hiyo anayekuahidi kukimbia kutwa nzima kwa paneli mbili hajui au anakudanganya, na huyu anajua.

Kabla hujatuma chochote mwambie arekodi video moja bila kukata, futi juu ya paneli na betri juu ya mizani. Wote niliowaambia wamuombe hivyo walipigwa bloku papo hapo.

Wenye mzigo wake tayari, toeni hiyo betri kwenye mashua leo, msiichaji ndani wala usiku mmelala. Meseji na risiti za malipo tunzeni, zitatakiwa mkienda kuripoti polisi. Akaunti mtaijua kwa picha anayoitumia kila mara, mashua nyeupe paneli zimefungwa palepale kivuli cha tanga kinapoangukia. Ukikutana nayo kwa jina jipya liweke hapa chini wengine waone.