Air Fàir an Là ya Niteworks: albamu ya densi iliyonijulisha vijana wa Uskoti

Jamani hii albamu lazima niiandikie, maana watu wengi ukiwatajia muziki wa elektroniki wa Uskoti jina linalokuja ni Calvin Harris tu, na Calvin ni wa kule kweli, kazaliwa Dumfries, ila ngoma zake ukizisikia klabu huwezi kujua katokea wapi. Hii ya Niteworks dakika ya kwanza tu unajua uko upande gani wa dunia.

Niteworks walikuwa jamaa wanne wa kisiwa cha Skye huko Uskoti, Allan MacDonald alipuliza bagpaipu, zile zumari za mfuko, Innes Strachan alikuwa kwenye sinthi, yaani kinanda cha umeme, Christopher Nicolson besi, Ruairidh Graham dramu. Air Fàir an Là ilitoka 2018, ni albamu yao ya pili baada ya NW ya 2015. Walichofanya ni kuchukua nyimbo na mirindimo ya zamani ya Kigaeli, lugha ya asili ya visiwa vile, na kuifanyia kama rimiksi, ila mara nyingi badala ya kukata sauti za kwenye rekodi za zamani waliwaita waimbaji na wapigaji wa sasa wenyewe waje waimbe upya, halafu ndio biti na besi zikajengwa kuwazunguka. Na Kigaeli si lugha ya watu wengi, sensa ya Uskoti ya 2011 ilihesabu wazungumzaji kama elfu 57 hivi nchi nzima, kwa hiyo msichana akiimba kwa lugha hiyo juu ya biti ya klabu na ukumbi mzima ukaruka naye, mimi naona hilo ni jambo kubwa sana.

Wimbo uliobeba jina la albamu ndio ulionishika kuliko zote. Wameimba Sian, kundi la waimbaji watatu wa kike, Eilidh Cormack, Ellen MacDonald na Ceitlin Lilidh, kundi lilikuwa bado changa kabisa wakati ule. Mimi Kigaeli sijui hata neno lakini jinsi sauti tatu zinavyopandiana halafu sinthi inaingia chini yake nzito, taratibu, haina haraka, nywele zinasimama kila mara. Nilipokuja kusoma kuhusu nyimbo za kazi za kina mama wa visiwa vile ndio nikaelewa kwa nini sauti za namna hii zinakaa vizuri hivi kwenye densi. Zamani kitambaa cha sufu kikishafumwa kilikuwa kinaloweshwa, wanawake wanakaa kuzunguka meza ndefu wanakipigapiga kwa pamoja mpaka kikaze, mmoja anaanzisha wimbo na wenzake wanaitikia, saa nzima mikono inashuka mezani kwa mpigo mmoja. Sasa hiyo si ndio kiki ya dramu yenyewe? Utamaduni wa kuimba juu ya mdundo usiokatika walikuwa nao karne nyingi kabla ya mashine, prodyuza anachohitaji ni masikio ya kusikia mpigo ulipo na kutouharibu, na hawa jamaa wanayo.

Bagpaipu nayo niwaambie ukweli nilikuwa siipendi, naiona ni kelele za gwaride. Lakini ile kitu haiwezi kunyamaza katikati ya noti, hewa ikishaingia kwenye mfuko sauti inatoka mfululizo, wala mpigaji hawezi kuipunguza au kuipandisha nguvu, na kuna mabomba mengine pembeni yanashikilia sauti moja chini muda wote. Ukiifikiria hivyo ni ndugu kabisa wa sinthi inayoshikilia noti moja ndefu, na humu ndani kuna sehemu huwezi kutofautisha mfuko unaishia wapi na umeme unaanzia wapi, hapo ndipo nilipobadilisha mawazo.

Waliozoea muziki wa kule watamtaja mwanamuziki Martyn Bennett na albamu yake Grit ya 2003, na wako sahihi, yeye ndiye aliyefungua njia, alichukua rekodi za waimbaji kama Lizzie Higgins na Sheila Stewart akaziweka kwenye biti kali, akafariki 2005 akiwa na miaka 33 tu. Grit ni kubwa, inaumiza. Tofauti ninayoisikia ni kwamba Bennett alikuwa anatuletea sauti za wazee, Niteworks walituletea watu wa kizazi chao, ambao ungeweza kwenda kuwaona jukwaani wiki inayofuata. Kwa mfano Kinnaris Quintet wamo humu, kundi la wanawake watano, fidla tatu na mandolini na gitaa, na mwaka huohuo 2018 ndio walitoa albamu yao wenyewe Free One. Iain Morrison wa kisiwa cha Lewis naye yupo. Mimi nimewafahamu wote kupitia hapa.

Ninacholalamikia ni kwamba nyimbo nyingine zinachukua muda mrefu kujijenga, kama wewe ni dijei unataka kitu cha kuamsha ukumbi papo hapo utahangaika, na aliyezoea singeli atahisi wamelala kabisa. Mimi nausikiliza usiku barabarani au nikiwa nafanya kazi, na kwa matumizi hayo huo utaratibu unanifaa.

Kitu kimoja tafadhali, msiisikilize kwa spika ya simu. Besi yote inapotea inabaki bagpaipu na fidla juu juu zinachoma masikio halafu utasema nimekudanganya, tafuta hedifoni nzuri au spika yenye wufa. Na ipige yote kwa mpangilio wake bila shafo, kuna sehemu tulivu ambazo ukizikuta peke yake hazisemi kitu lakini kwenye mstari wake zinaandaa ngoma inayofuata.

Naipa 9 kwa 10. Hiyo moja ni kwa sababu Sian nilitaka wasikike zaidi ya walivyopewa, sauti kama zile ningezisikiliza albamu nzima bila kuchoka.