Duka la Birere linalomruhusu mteja atoke nje: fondesheni kwa ngozi nyeupe yenye mafuta na chunusi

Nina ualbino, nina ngozi ya mafuta, na tangu nikiwa na umri wa miaka 15 chunusi hazijawahi kuniachia mwezi mzima. Mambo hayo matatu yakikutana kwenye uso mmoja, kutafuta fondesheni, yaani kipodozi cha kusawazisha rangi ya uso, mjini Goma kunageuka kuwa kazi ya kudumu. Katika maduka mengi ya vipodozi ya hapa, rangi huanzia kwenye karanga zilizokaangwa na kwenda hadi kwenye kahawa nyeusi, na hilo silinung'unikii, kwa sababu kwa miongo mingi wanawake weusi ndio waliokosa rangi zao kwenye rafu za viwanda vikubwa. Kinachonisumbua ni zile chupa mbili tatu nyeupe zinazowekwa pembeni. Aghalabu zimeagizwa kwa kumfikiria mwanamke aliyejichubua kwa mkorogo, ambaye weupe wake una wekundu wa kuungua na njano iliyokolea, kwa hiyo zikipakwa juu ya ngozi yangu hutoa rangi ya papai lililoiva. Nimewahi kufundisha kipindi cha kwanza nikiwa na uso wa namna hiyo, na wanafunzi wa mwaka wa pili hawana huruma.

Muuzaji akiniona, mara nyingi huanza kwa kukisia vibaya. Mmoja huniita muzungu kwa utani, kisha akanitolea chupa nyeupe kuliko zote bila kunitazama mara ya pili. Mwingine, kwa nia njema kabisa, hunishauri nichukue rangi iliyokolea ngazi tatu ili “nifanane na wengine”. Sihitaji kubadilishwa rangi upande wowote. Ninachotaka ni kwamba wekundu wa chunusi zilizopo na alama za zile zilizopona zisiwe kitu cha kwanza kuonekana, shavu lifanane na shingo, na mafuta ya pua yasiwe yamevuruga kila kitu kabla ya saa sita mchana. Duka ninalolieleza hapa ndilo la kwanza ambalo mwenyewe aliniuliza ninataka nini kabla ya kunyoosha mkono kwenye rafu.

Liko Birere, mtaa wa biashara hapa Goma, katika mojawapo ya vichochoro vile ambavyo maduka yamebanana hadi milango inagusana. Halina kibao wala jina. Wateja husema tu “kwa mama wa produi”, kwa kuwa vipodozi hapa kwetu ndivyo tunavyoviita. Ndani hapatoshi watu watatu. Taa ni moja, balbu ya mwanga wa njano iliyoning'inia juu ya kioo, na umeme ukikatika inabaki tochi ya simu. Chini ya mwanga kama huo kila fondesheni hupendeza, kwa maana njano ya balbu huimeza ile rangi ya chungwa ambayo utakutana nayo ukishafika nyumbani. Mwenye duka anaujua udhaifu wa taa yake, na ndiyo sababu ameweka kigoda na kioo cha pili mlangoni, kwenye kivuli cha ukuta, mahali ambapo mwanga wa mchana unafika bila jua kukupiga usoni.

Utaratibu wake ulinishangaza. Alinifuta taya kwa pamba yenye maji, akachota rangi tatu kwa vijiti vya pamba, kila rangi na kijiti chake, kisha akachora mistari mitatu kutoka tayani hadi shingoni. Hakuchovya kidole chupani, na hakunijaribishia kwenye mgongo wa mkono, mahali ambapo wauzaji wengi hujaribishia ingawa mkono una jua lake na uso una lake. Nilipofungua mkoba, akaona chaki kwenye vidole vyangu, akacheka.

“Usilipe kwanza, mwalimu. Zunguka soko, urudi baada ya saa moja tuone ipi imebaki na ipi imegeuka.”

“Na nisiporudi, mama?”

“Basi rangi haikuwa yako.”

Saa hiyo moja ndiyo iliyonifanya niandike maneno haya. Fondesheni hupata rangi yake kutokana na unga wa oksidi za chuma, nyekundu, njano na nyeusi, unaochanganywa na titani dayoksidi iliyo nyeupe. Ikitoka chupani ikiwa mbichi huwa na maji na silikoni nyepesi ambazo hupeperuka baada ya muda. Unga unaobaki hulowana na mafuta ya ngozi, na unga uliolowa huonekana umekolea kuliko ulio mkavu, kama udongo wa barabarani baada ya mvua. Mwenye ngozi kavu anaweza asione tofauti yoyote. Kwenye ngozi ya mafuta rangi inaweza kushuka ngazi nzima, na kwa mtu mweupe kama mimi ngazi moja huonekana kutoka upande wa pili wa barabara. Niliporudi, mstari wa kwanza ulikuwa umegeuka papai, na jina la kampuni yake nitaliacha. Wa pili ulikuwa wa waridi kuliko shingo yangu. Wa tatu ulikuwa umepotea kabisa, hadi mama akanishika kidevu na kunigeuza huku na huku akiutafuta.

Uliopotea ulikuwa wa Maybelline Fit Me Matte + Poreless, rangi namba 120. Ni chupa ya kioo ya mililita 30 isiyo na pampu, kwa hiyo unaiinamisha polepole na kupokea tone kwenye bamba safi. Macho yangu, kama ya wengi wenye ualbino, hayasomi maandishi madogo, na lebo ya nyuma kwangu ni vumbi tupu. Nilipiga picha kwa simu nikaikuza, na pale picha iliposhindwa mama alinisomea mwenyewe, neno baada ya neno, bila kuonyesha kuchoka. Orodha inaanza na maji, halafu zinafuata silikoni, unga laini sana wa nailoni, na alkoholi. Silikoni huteleza juu ya makovu na kuyasawazisha, unga hunyonya mafuta, alkoholi husaidia kukauka upesi. Nilichokuwa nikikitafuta zaidi ni vile visivyokuwemo, hasa mafuta ya nazi na isopropili miristati, ambavyo vinajulikana kwa kuziba vinyweleo vya watu wenye chunusi. Maneno “haizibi vinyweleo” yanayopigwa kwenye maboksi ni kauli ya kiwanda chenyewe, wala hakuna kipimo kimoja cha kisheria kinachoyasimamia; kwa sababu hiyo niliipaka upande mmoja wa taya kwa siku saba kabla ya kuiruhusu usoni kote. Taya ilibaki kama ilivyokuwa.

Kuna chupa moja tupu ya Fenty Beauty dirishani, imewekwa kama pambo. Kampuni hiyo ya mwimbaji Rihanna ilipotoka mwaka 2017 na rangi 40 kwa mpigo, wanawake wenye ualbino walikuwa miongoni mwa walioisifu, kwa kuwa rangi zake nyeupe zaidi zilifika hadi kwao. Mama hana ya kuuza, na anasema waziwazi kwamba zile za bandia zinazotembezwa mikononi kwa bei ya soksi asingezipaka hata usoni pa adui yake. Kwa mteja anayetaka kujilinda, yeye hufungua boksi mbele yake, akalinganisha namba ya toleo iliyopigwa kwenye boksi na ile ya kwenye chupa, kisha akamwonyesha alama ya kopo lililofunguliwa, ambayo hueleza bidhaa itumike kwa miezi mingapi baada ya kufunguliwa.

Kuhusu kupaka, ninachokieleza ni mchanganyiko wa alichonifundisha na nilichojifunza kwa kuumia. Goma iko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, karibu kabisa na ikweta, na nguvu ya mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa takribani asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Wingu la asubuhi juu ya ziwa linadanganya. Kwa sisi ambao ngozi haina kinga yake ya asili, jua hilo huleta saratani, na fondesheni hailiwezi. Chupa yangu haikuandikwa kinga yoyote ya jua. Na hata zile zilizoandikwa SPF 15, yaani kiwango cha kinga ya jua, kinga hiyo hupatikana ukipaka takribani robo kijiko cha chai usoni, kiasi ambacho hakuna anayekipaka labda awe anakwenda kuigiza mzimu. Losheni ya jua ya SPF 50 hutangulia, ile nyepesi isiyo ya mafuta, na baada yake nasubiri dakika 15. Ndizo dakika ninazonywea chai na kupiga pasi blauzi.

Uso wenyewe huoshwa kwa kisafishio cha upole. Nilipokuwa msichana nilikuwa nikiukausha kwa sabuni ya kufulia, nikidhani ninayaadhibu mafuta, kumbe nilikuwa ninaichokoza ngozi hadi chunusi zinavimba zaidi. Losheni ikishatulia, natumia tone moja la fondesheni la ukubwa wa punje ya harage, nikianzia penye wekundu, yaani mashavuni na kidevuni, na kulisambaza kuelekea masikioni hadi linapoisha lenyewe. Sifongo iwe imelowa na kukamuliwa, na kazi yake ni kubonyeza tu. Ukisugua, utaiviringisha losheni ya jua iwe makombo, na utabandua ngozi kavu iliyofunika chunusi inayopona, na hapo hakuna rangi duniani itakayokaa. Chunusi mbichi, yenye wekundu unaowaka, huwekewa kwanza konsila, kipodozi cha kuficha madoa, ya kijani kidogo mno, ncha ya kijiti tu, kwa kuwa kijani huuzima wekundu. Juu yake ndipo fondesheni. Tabaka la pili liende kwenye alama peke yake. Nimeona mabibi harusi waliopakwa tabaka tatu uso mzima ili kuficha madoa manne, na kufikia wakati wa keki kila kinyweleo kilikuwa kinahesabika.

Poda naipaka kwenye paji la uso, pua na kidevu, basi. Mchana mafuta yanapochomoza, kwanza nayanyonya kwa karatasi laini bila kupangusa, ndipo naongeza poda kidogo. Poda ikiwekwa juu ya mafuta huwa tope, na katika mji huu wa mawe ya volkano tope hilo hukusanya vumbi jeusi kila unapopanda pikipiki. Sifongo naiosha kila baada ya kuitumia mara mbili, maana sifongo chafu hupanda chunusi upya. Tiba yenyewe ya chunusi ni habari ya usiku, na kwangu ni asidi ya salisiliki. Fondesheni inafunika tu.

Nimeitumia kwa wiki sita. Siku za shule, nikiipaka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mashavu na kidevu hubaki vilevile hadi saa tisa mchana. Pua huanza kung'aa kwenye saa tano, na sishangai, kwa kuwa pua yangu haijawahi kushindwa na kitu chochote. Shingo na uso vimefanana hata kwenye mwanga wa dirisha la darasani, ambao ni mwanga usio na adabu. Jambo la kuangalia ni picha: katika harusi moja nilipaka poda nyeupe ya silika juu ya losheni ya jua yenye titani, mpiga picha akawasha mweko, na kwenye picha nikatoka kama karatasi. Siku za sherehe sasa natumia poda yenye rangi, tena kidogo.

Duka lina kasoro zake. Rangi za watu weupe huja chupa mbili au tatu kwa mwezi, na kauli ya “njoo Jumatano” nimeisikia Jumatano nne. Hakuna risiti. Chupa ikishafunguliwa hairudishwi hata kama ni yeye aliyekosea, ingawa saa moja ya kusubiri hupunguza ajali hiyo. Nililipa dola 14. Noti yenye kijipasuko cha ukucha ilikataliwa, na chenji ikaja kwa faranga kwa kiwango alichokipanga yeye kichwani. Kigoda cha mlangoni kiko njiani kabisa, na nikiwa nimekaa hapo nimefumba macho, chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, iliyobeba viazi ilipita karibu sana na magoti yangu hadi nikasikia upepo wake.

Nenda asubuhi, uso ukiwa umeoshwa na bila kitu, kabla ya saa sita. Baada ya hapo kivuli cha jengo la mbele hufika hadi mlangoni, kioo cha nje kinakuwa cheusi kama cha ndani, na mama mwenyewe atakuambia urudi kesho.