Kamukunji kwa msanii wa vitu vilivyotupwa: mali iko chini, miguuni mwa mafundi

Msanii anayekwenda Kamukunji, soko la mafundi wa chuma jijini Nairobi, kuwinda pasi ya makaa, taa ya chemni au kufuli la kizamani hurudi na kitu ghali na wazo dogo. Wauzaji wanajua siku hizi kwamba wapo wanaotafuta vitu hivyo vya kupambia mikahawa, na bei wamezipandisha. Isitoshe, pasi imeshakamilika. Ukiibandika kwenye ubao, inabaki pasi iliyobandikwa kwenye ubao. Utajiri wa soko hili la jua kali uko kwingine: ni mabaki yanayoanguka fundi anapokata bati, ambayo wengi huyakanyaga wakipita.

Chukua pipa la chuma la lita 200. Hupasuliwa, hunyooshwa kwa nyundo, kisha hukatwa duara za karai na vipande vya majiko. Duara zikitoka, kinachobaki ni pembe zenye kingo zilizobonyea kwa ndani, kama mwezi mchanga ulioumwa, na mabamba ya chuma yenye matundu yaliyopangana. Juu yake kuna rangi ya zamani ya pipa na herufi zilizokatwa katikati. Hakuna mchoraji anayeweza kuiga rangi ile, iliyochubuliwa na nyundo na kuungua kidogo ukingoni. Kwa watengenezaji wa masanduku ya wanafunzi baki ni la namna nyingine: utepe mwembamba wa bati unaojikunja wenyewe ukitoka kwenye mkasi. Utepe huo huwa mwingi zaidi karibu na kufunguliwa kwa shule, hasa Januari, masanduku yanapotengenezwa kwa wingi. Ni wakati mzuri wa kuokota, ila ni wakati mbaya wa kumwomba fundi akukatie kitu kidogo, kwa sababu hana nafasi.

Ushauri wa kwanza, na ndio wenye uzito kuliko yote: nunua umbo moja kwa wingi. Vipande 60 vya pembe ileile vina kazi ndani yake. Vipande 60 vya kila aina ni mzigo tu. Tandika gunia, vipange vyote vikitazama upande mmoja, kisha geuza kila cha tatu. Mwendo ukijitokeza, kama magamba ya samaki au mawimbi, umepata pa kuanzia. Usipojitokeza, badilisha nafasi kati ya vipande kabla ya kubadilisha vipande vyenyewe. El Anatsui wa Ghana, aliyefanya kazi miaka mingi Nsukka, Nigeria, alijenga mapazia makubwa kwa vifuniko vya chupa za pombe vilivyopondwa vikawa bapa na kufungwa kwa waya wa shaba. Malighafi yake ni moja, umbo halina mwisho. Cyrus Kabiru wa Nairobi amekwenda njia ya kinyume katika miwani yake ya C-Stunners: umbo ni moja, miwani, na takataka za kila aina zinaingizwa humo. Kitu kimoja lazima kitulie, ama malighafi au umbo. Ukiacha vyote viwili vitawanyike, kazi itafanana na droo ya fundi.

Kuhusu kununua. Nenda asubuhi siku ya kazi, mkononi uwe na mizani ya ndoano, glavu nene na vizibo vya masikio, maana kelele za nyundo humfanya mtu achague haraka ili aondoke. Uliza kwanza, “Fundi, haya mabaki unayauza kwa kilo?” Ukianza kuchambua na kusifu kipande kimoja kimoja, bei itahesabiwa kwa kipande. Kwa kilo utapata na usiyoyataka, lakini bado ni nafuu. Hakuna kurudisha, kwa hiyo kagua mgongo wa kila kipande: kutu inayotoka kama unga husafishika, inayotoka kama maganda imeshakula chuma.

Kuna vitu vya kukataa hata vikipendeza. Vipande vya nguzo za umeme, nyaya nene za shaba, vyuma vya reli na alama za barabarani huibwa, na biashara ya vyuma chakavu Kenya ina sheria yake tangu 2015. Mwaka 2022 biashara hiyo ilisimamishwa kwa miezi kadhaa kwa sababu ya uharibifu wa miundombinu. Kataa pia pipa zima ambalo hujui lilibeba nini. Mvuke wa petroli uliobaki ndani unaweza kulipuka ukilikata kwa grinda. Mwachie fundi mwenye uzoefu, wewe nunua lililokwisha kupasuliwa.

Nyumbani, kutu huondolewa kwa kuloweka kipande kwenye siki saa 12 hadi 24, kisha kukisugua kwa brashi ya waya. Kosa la kawaida ni kukiacha hapo: asidi iliyobaki huleta kutu mpya ya rangi ya chungwa usiku huohuo. Suuza kwa maji ya sabuni ya unga, ambayo hukata ile asidi, kausha juani mara moja, na upake vanishi siku ileile. Ukitaka kutunza rangi kuukuu ya pipa, usiloweke kabisa. Futa kwa kitambaa chenye maji, na usiipige msasa mkavu, kwani rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu.

Kuunganisha ndiko kunakoharibu kazi nyingi. Gundi ya mbao haishiki chuma, kwa sababu hukauka kwa maji yake kunywewa na mbao, na chuma hakinywi. Supagluu hushika haraka lakini huvunjika kipande kikigongwa, na huacha ukungu mweupe. Tumia epoksi ya mirija miwili, sehemu sawa kwa sawa, baada ya kukwaruza pande zote mbili kwa msasa namba 80, na uache saa 24. Bati la sanduku usilichomelee: ni jembamba, litatoboka, na zinki yake hutoa moshi mweupe unaoleta homa usiku. Toboa tundu la milimita 3.3 na upige riveti ya 3.2. Shaba isiguse chuma au alumini moja kwa moja, hasa kama kazi itaning’inizwa Mombasa au Lamu penye hewa ya chumvi. Weka kipande cha tyubu ya baiskeli katikati. Ubao wa nyuma uwe plaiwudi ya milimita 12 yenye fremu ya mbao mgongoni, la sivyo utapinda.

Gikomba, soko la mitumba hatua chache mbele, ni kuzuri kwa zipu, vifungo na vipande vya mbao. Grogan, mtaa wa vipuri, ina gia na minyororo ya magari, maumbo mazuri mno, lakini yana grisi. Osha kwa mafuta ya taa, kisha kwa sabuni, mara mbili, la sivyo epoksi itabanduka. Vyuma vikali vifunge kwenye gunia mbili kabla ya kupanda matatu, na ukizidisha kilo 30, lipa mkokoteni.