Waya, relei na fyuzi za gari Kampala: wapi uanzie kununua, wapi uishie

Mwaka juzi nilikuwa natoka Jinja usiku na Noah yangu, balbu mpya za wati 100 zikimulika mpaka nikajisifu. Ndani ya msitu wa Mabira nikasikia harufu ya plastiki inayoungua. Taa zikafifia, zikawa rangi ya chai ya rangi, zikazima zote mbili. Nilijikokota kwa taa za hatari mpaka Najjembe, wauza kuku wakanizunguka na vijiti vyao wakidhani nimesimama kula.

Balbu zilikuwa nzima. Relei, ile swichi ambayo koili yake huvuta umeme mdogo ili kupitisha umeme mkubwa, nzima. Fyuzi nzima pia, maana nilikuwa nimeweka ya ampea 30, kubwa mno kwa waya ule, kosa langu mwenyewe. Kilichoungua ni waya nilioununua duka moja mjini, ganda lake limeandikwa 2.5, yaani milimita za mraba, kwa herufi nzuri kabisa. Nilipouchuna, ndani mlikuwa na nyuzi nyembamba kama nywele, nyekundu kwa juu na nyeupe kwa ndani. Alumini iliyopakwa shaba.

Tangu siku hiyo sipangi maduka kwa bei wala kwa tabasamu la muuzaji. Nayapanga kwa swali moja: hapa nitapata shaba kiasi gani? Mpangilio huu ni wa mtu anayejifungia mwenyewe mambo ya kawaida: relei za taa kubwa, taa za ukungu, honi, soketi ya kuchajia, feni ya ziada.

Kwa nini shaba? Tuchukue taa mbili za wati 55. Zinavuta karibu ampea 9. Ukizilisha kwa mita tano za waya wa shaba wa milimita za mraba 1.25, njiani unapoteza kama volti 0.6. Unaweza kuiona ndogo, lakini balbu ya halojeni haisamehi: volti ikipungua kidogo, mwanga hupungua mara tatu zaidi, kwa hiyo hapo umeshapoteza karibu asilimia 15 ya mwanga. Waya uleule ukiwa wa alumini iliyopakwa, upotevu unafika volti 1, na karibu robo ya mwanga inapotea. Ukitumia shaba ya 2.5, unapoteza volti 0.3 tu.

Sasa tuingie sokoni.

Nafasi ya kwanza: wayaringi za mitumba, Kisekka na Ndeeba

Najua watu watashangaa. Waya uliotumika miaka kumi na zaidi, na mimi nauweka juu ya waya mpya? Ndiyo, bila wasiwasi. Magari mengi tunayoendesha hapa yametoka Japani yakiwa yametumika, na yanapokatwakatwa, wayaringi yake, yaani fungu zima la waya za gari, huja sokoni ikiwa nzima kama utumbo wa ng'ombe. Waya ule ni shaba tupu. Ganda lake jembamba limetengenezwa kuvumilia joto la injini na mafuta, na ukubwa wake ni wa kweli: 0.5, 0.85, 1.25, 2, 3, 5. Kwa taa kubwa tafuta 2 au 3.

Lakini faida kubwa hata si waya, ni soketi. Soketi ya Kijapani ya H4, aina ya balbu ya taa kubwa, plagi za kuzuia maji, vikalio vya relei, boksi dogo la fyuzi lenye kifuniko: vitu hivi vikiwa vipya na vya asili vinauma mfuko, na vile vya kuiga hulegea baada ya miezi michache ya barabara zetu. Kwenye lundo la Kisekka unavipata kwa bei ya maelewano. Sharti moja tu: mwambie kijana anayekata akuachie mkia. Waya ubaki sentimita 20 nyuma ya soketi, la sivyo utaungia wapi? Wengi hukata karibu kabisa na plastiki kwa sababu ya haraka, na ukishalipa huna la kusema.

Kagua kabla ya kutoa pesa. Kunja waya: ganda likipasuka, rudisha. Chuna ncha: shaba ikiwa nyeusi au ina kutu ya kijani, kata sentimita tano ndani na uangalie tena, ikiwa bado ni kijani, gari hilo lilizama maji. Tazama vikalio vya relei kwa ndani, plastiki iliyobadilika rangi kuwa kahawia ilishapikwa.

Relei nazo chukua hapahapa. Za Toyota zina miguu iliyoandikwa 1, 2, 3 na 5: 1 na 2 ni za koili, 3 na 5 ni za kupitisha umeme mkubwa. Za mtindo wa Kizungu zimeandikwa 85 na 86 kwa koili, 30 na 87 kwa mzigo. Nenda na mita ya kupimia umeme. Koili ya volti 12 husoma kama omu 60 mpaka 120. Soma na maandishi ya juu, maana kwenye lundo hilohilo kuna relei za malori ya FUSO na Isuzu za volti 24, zinafanana kama pacha. Ukiifunga kwenye Premio yako itakaa kimya, au itashika leo na kukataa kesho, na utatafuta ugonjwa wiki nzima.

Fyuzi pia. Zile za kwenye maboksi ya zamani zinakatika panapostahili. Rangi zinasaidia: nyekundu 10, bluu 15, njano 20, kijani 30.

Neno kuhusu lugha. Ukiingia Kisekka na Kiswahili kikavu, wazee watakutazama mara mbili, kwani miaka mingi hapa Uganda Kiswahili kilikuwa lugha ya askari. Anza na "ssebo", yaani bwana, salimia vizuri, halafu endelea. Wafanyabiashara wa Juba na wa Bunia wamekwisha kuwazoesha, na wengine watakujibu kwa Kiswahili bora kuliko chako. Na risiti uidai, hata ya mkono. Popote panapouzwa sipea za mitumba huwezi kujua kipi kilikatwa kwenye gari lililokufa na kipi kiling'olewa usiku kwenye gari la jirani yako.

Nafasi ya pili: maduka ya sola

Hii sikuambiwa na makanika yeyote, niligundua nilipokuwa nafunga paneli kwa mama mkwe. Waya wa sola wa milimita za mraba 4 au 6 ni nyuzi nyingi za shaba iliyopakwa bati, maganda mawili, umetengenezwa kukaa juani na kustahimili nyuzi joto 90. Kwa laini nene inayotoka betri kwenda boksi la fyuzi, sijaona cha kuushinda kati ya vitu vipya vinavyouzwa mjini. Bati linazuia kutu pale unapobana teminali, jambo la maana kwa gari linalolala nje msimu wa mvua.

Udhaifu wake ni mnene, haupendi kupita kwenye vitundu vya bodi, na mara nyingi utapata mweusi na mwekundu tu. Usiutumie kwa waya za swichi. Usichanganyikiwe pia: shaba iliyopakwa bati ni nyeupe kwa nje na nyekundu ukiikwaruza. Ile ya kuikimbia, alumini iliyopakwa shaba, ni kinyume chake.

Maduka hayahaya huuza teminali za duara za shaba za kufungia kwenye betri, na mipira ya kufunikia viungo, inayojikunyata kwa moto. Omba ile yenye gundi ndani.

Nafasi ya tatu: duka la umeme wa magari, waya mpya kwa mita

Hapa ndipo wengi huanzia, na si vibaya, ila uende na wembe, sumaku na kiberiti cha gesi. Muuzaji mwaminifu hatakasirika. Anayekasirika ameshakujibu.

Kwaruza uzi mmoja: ndani ukiwa mweupe, asante, kwaheri. Sumaku isivute kitu. Ikivuta, ni chuma kilichopakwa. Choma ncha: uzi wa alumini huyeyuka na kuvunjika, wa shaba unawaka mwekundu na kubaki. Halafu hesabu nyuzi. Waya wa 2.5 wa kweli huwa na nyuzi kama 50 zenye unene wa milimita 0.25. Ukikuta 50 zenye unene wa 0.15, hiyo haifiki hata 0.9, hata ganda liwe nene kama kidole. Ule wangu wa Mabira ulikuwa wa aina hiyo.

Ukipita mitihani hiyo, nunua. Faida ya duka ni rangi: unapata nyekundu, nyeusi, bluu, njano, na mtu atakayefungua gari lako miaka mitano baadaye atakuombea dua. Tepu nayo chagua ya kitambaa kama ipo. Ile ya plastiki ya bei rahisi huwa ulimbo kwenye joto la injini.

Wengine watakuelekeza duka la vifaa vya nyumba, hasa kwa vile waya wa nyumba una alama ya Q ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, na shaba yake ni halali. Kweli, shaba ni halali. Lakini ni uzi mmoja mnene au nyuzi chache ngumu, na gari linatetemeka. Utakatika ndani ya ganda bila kuonyesha nje. Uache ukutani.

Nafasi ya nne: kuagiza nje

Kwa waya hapana, uzito wake utakulipisha usafiri kuliko bei yake. Kwa plaisi nzuri ya kubania teminali, ndiyo. Plaisi yenye meno ya kujifunga, isiyoachia mpaka ibane kabisa, itakudumu maisha, na kiungo kilichobanwa vizuri huvumilia mtetemo kuliko kilichounganishwa kwa solda, kwa sababu solda hufanya waya kuwa mgumu na kukatika pembeni yake. Plagi adimu za gari lisilo la kawaida pia agiza. Weka akilini ushuru na VAT ya asilimia 18 ya URA, mamlaka ya mapato, na wiki kadhaa za kusubiri, gari likiwa limefunguliwa matumbo au ukiwa unapanda taksi.

Mkiani kabisa: seti ya mfukoni

Ule mfuko wenye relei moja, swichi ya taa nyekundu na waya umeshakunjwa tayari, unaouzwa pamoja na taa za ukungu. Vijana huutembeza hata kwenye foleni. Nimefungua mitatu mpaka sasa, yote alumini. Swichi inaweza kukufaa, kikalio cha fyuzi utupe.

Ukitaka orodha ya kuanzia kwa relei za taa kubwa za Noah au Premio, basi: soketi moja dume na mbili jike za H4 zenye mikia, relei mbili za volti 12, vikalio viwili vya fyuzi, mita sita za waya wa 2 au 2.5, mita tatu za 0.85 kwa koili, mita moja ya waya wa sola wa 6, teminali za duara sita. Fyuzi ni ya kulinda waya, kwa hiyo ampea 15 kwa kila relei inatosha balbu za kawaida, na iwe karibu na betri, isizidi sentimita 20, maana kipande kilicho kabla ya fyuzi hakina mlinzi. Pale unapofunga hasi kwenye bodi, kwaruza rangi mpaka chuma king'ae, funga, kisha paka grisi.

Balbu za wati 100 nilizirudisha kwenye boksi lao. Za 55 zenye volti kamili zinanifikisha Busia usiku bila shida. Ule waya wa Mabira mama watoto ameufunga nyuma ya nyumba, anaanikia nguo.